Hati za milki au hati za rehani? Uanzie wapi kutafuta ukoo wa Pwani

Anayetafuta ukoo wake Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu hufika mahali simulizi za wazee zinakatika. Jina la babu wa babu lipo na mtaa unajulikana, lakini nani alimzaa na aliacha watoto wangapi, kila mzee ana lake. Vyeti vya kuzaliwa havisaidii, kwa kuwa wengi waliozaliwa karne ya 19 hawakuwa navyo. Kilichobaki ni makaratasi ya mali: nani alinunua, nani alirithi, nani aliweka nyumba rehani na kwa nani. Makaratasi hayo ni ya namna mbili, na watafutaji wengi huishia kwenye ya kwanza.

Ukitaka kujua nani ni mtoto wa nani, anza na hati za milki, yaani mauzo, hiba, wakfu na mgawanyo wa mirathi. Ukitaka kujua mtu alikuwa hai mwaka gani, alikaa wapi na alishikana na nani, anza na hati za mikopo: rehani, dhamana na kesi za madeni. Na kama mzee wako hakuuza kitu, na warithi wake wakakaa pamoja bila kugawana, hati za milki zinaweza kunyamaza kwa miaka hamsini. Hapo utategemea rehani peke yake.

Kilichomo ndani

Hati ya mauzo ya zamani, iliyoandikwa kwa Kiarabu mbele ya kadhi au kwa Kiingereza mbele ya karani, ina mambo machache yasiyobadilika sana: muuzaji na mnunuzi, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, mara nyingi na la babu au la kabila, mali yenyewe, mipaka ya pande nne, bei, tarehe, mashahidi. Muuzaji akiwa ni kundi la warithi, huongezwa orodha yao na sehemu ya kila mmoja. Hiyo ndiyo hati ya thamani kuliko zote kwa mwenye kutafuta nasaba.

Hati ya rehani ina karibu yote hayo, ila penye bei utakuta deni, na juu yake muda wa kulipa na mdhamini kama yupo. Faida yake kubwa iko pembeni mwa ukurasa. Karani aliandika humo malipo ya sehemu, nyongeza ya deni, kuhamishiwa mkopeshaji mwingine, na mwisho kukombolewa kwa mali. Mauzo ni habari ya siku moja tu, lakini rehani yenye maandishi ya pembeni inaweza kukutembeza na familia miaka kumi au ishirini.

Mdhamini usimruke. Anayekubali kubeba deni la mwenzake aghalabu ni ndugu, shemeji, mkwe au mshirika wa biashara. Hati haitakwambia ni nani kwake, lakini jina lilelile likijitokeza mara mbili au tatu kwa mkopaji mmoja, litafutie hati zake nalo. Mara nyingi utaingia katika ukoo wa mke.

Kuhusu wanawake, pande zote mbili zina utajiri usiotarajiwa na wengi. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, kwa hiyo utamkuta mwanamke kwa jina lake na la baba yake akinunua, akiuza, akiweka wakfu au akiweka rehani shamba lake kwa deni la mumewe. Angalia kama alikuja mwenyewe au aliwakilishwa na wakili. Wakili huyo huwa ni mume, kaka au mtoto mkubwa, na hati nyingi hutaja uhusiano wao.

Hesabu ya sehemu za urithi

Hapa hati za milki hazina mshindani. Sehemu za mirathi zimewekwa na sheria, kwa hiyo kutokana na hesabu unaweza kuijua familia hata pale karani alipofupisha uhusiano. Mke hupata 1/8 marehemu akiwa na mtoto, na bila mtoto 1/4. Mume hupata 1/4 au 1/2 kwa mpango huohuo. Mama, marehemu akiwa na mtoto, hupata 1/6. Wakiwamo wana, kinachobaki hugawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti.

Chukua nyumba iliyouzwa na warithi watatu kwa rupia 480, na hati ikataja kiasi cha kila mmoja: 60, 280 na 140. Hiyo 60 ni 1/8, basi huyo ni mjane. Zilizobaki 420 zimegawika 280 kwa 140, yaani mwana mmoja na binti mmoja. Kwa sehemu ishirini na nne ni 3, 14 na 7. Sasa angalia kisichokuwapo. Mama wa marehemu angekuwa hai angepata 4 kati ya 24. Hayumo, kwa hiyo alitangulia kufa. Baba naye hayumo, na angestahili 4 vilevile. Kwa mistari mitatu ya fedha umepata mke, watoto wawili, na ushahidi kwamba wazazi wote wawili walishakufa.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: hakikisha jumla inatimia. Ukipata 3 na 7 tu, mwenye 14 hajauza, au aliuza kwa hati nyingine. Usiandike kwamba marehemu aliacha binti peke yake. Wa pili: wakati mwingine jumla hupita 24, na si kosa la karani. Mke, baba, mama na mabinti wawili wasio na kaka (ambao hupata 2/3) hufanya 3, 4, 4 na 16, jumla 27, na kila sehemu hupunguzwa kwa kugawa mali mafungu 27. Ukikutana na 27, tayari umeshajua warithi walikuwa wa namna gani.

Kwa familia za Kishia kanuni hubadilika, hasa kwa ndugu na wajukuu, na kwa Wahindu usitumie hesabu hii kabisa.

Mauzo ambayo kwa kweli ni mkopo

Kugawa makaratasi mafungu mawili kuna udhaifu wake, na Pwani ndipo udhaifu huo unapojitokeza zaidi. Kwa kuwa riba imekatazwa, mikopo mingi iliandikwa kwa sura ya bei ya khiyari. Mwenye nyumba anamuuzia mkopeshaji kwa, tuseme, riali 200, akibakiwa na hiari ya kuirudisha kwa bei ileile ndani ya muda fulani. Papo hapo anaipanga nyumba hiyohiyo kwa kodi ya mwezi au ya mwaka. Kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji. Mwenye nyumba hakuhama hata siku moja.

Asiyejua huandika katika mti wa ukoo: “Waliuza nyumba mwaka fulani wakahama.” Kisha hushangaa miaka kumi baadaye kuwakuta watoto wakiigawana nyumba ileile. Dalili za kutazama ni hizi: muda wa kurudisha umetajwa, kuna hati ya kodi ya siku hiyohiyo au yenye namba inayofuata, muuzaji ndiye mpangaji, bei ni ndogo ukilinganisha na nyumba za jirani, na mnunuzi ni mfanyabiashara anayejitokeza katika makumi ya hati kama hizo. Mbili tu zikikutana, ihesabu kuwa ni mkopo mpaka uone ushahidi wa kuhama.

Kwa hiyo kila “mauzo” ya karne ya 19 yasome pamoja na kurasa kadhaa za mbele na za nyuma katika daftari hilohilo. Ukipewa nakala ya hati moja pekee, umepewa nusu ya habari.

Ni zipi zinazoonyesha kifo kwa usahihi zaidi

Wengi watasema mirathi, nasi tunasema madeni. Warithi wenye upendo au wenye ugomvi wote wanaweza kukaa miaka thelathini bila kugawana shamba, hivyo tarehe ya mgawanyo inakuhakikishia tu kwamba mtu alikufa kabla yake. Mkopeshaji hana subira ya namna hiyo. Mdaiwa akifa, anawafuata warithi, na akienda mahakamani analazimika kuwataja majina. Kesi ya deni dhidi ya warithi kwa kawaida huwa karibu zaidi na kifo, na huwataja hata watoto wadogo pamoja na mlezi wao, ambao katika mauzo ya baadaye watakuwa watu wazima au wameshakufa.

Kuna chanzo kingine cha vifo ambacho hukaa katika hati za aina zote mbili bila kutazamwa: mipaka. Jirani wa kaskazini akiandikwa kwa jina lake, alihesabiwa kuwa hai au angalau ndiye mwenye mali. Akiandikwa “warithi wa fulani”, ameshakufa. Mzee wako asipopatikana kama muuzaji, mtafute kama mpaka wa mwenzake. Orodhesha majirani wanne, fuata hati zao, kisha tazama lini jina lake linageuka kuwa “warithi wa”. Mipaka hata hivyo ilinakiliwa kutoka hati kuukuu hadi mpya bila kuangaliwa, kwa hiyo jina kubaki si uthibitisho wa uhai. Badiliko ndilo lenye nguvu.

Majina, na nasaba za waliokuwa watumwa

Tatizo la majina liko kote, ila kwa namna tofauti. Hati za kadhi hubeba vizazi viwili au vitatu, na hilo huzuia kuwachanganya Khamis bin Juma watano wa mtaa mmoja. Rehani zilizoandikishwa kwa Kiingereza huishia kwenye jina na la baba, na tahajia hufuata sikio la karani: Athumani, Othman na Uthman wanaweza kuwa mtu mmoja katika kurasa tatu. Katika faharasa tafuta kila umbo, na ukumbuke H na K kwa akina Hamisi na Khamis. Tafuta pia kwa jina la mkopeshaji. Karani alikuwa akiandika la mfanyabiashara aliyemzoea kwa namna moja kila siku, hata alipoharibu la mkopaji.

Penye watumwa inahitaji tahadhari zaidi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na katika Mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kabla na hata baada ya hapo, aliyeachwa huru aliweza kuandikwa kwa jina lake likifuatiwa na la aliyemwacha huru. Ukisoma haraka utamfanya bwana kuwa baba au babu, na mti wote utakwenda upande wa ukoo usiokuwa wako. Tazama neno lililo kati ya majina mawili. “Bin” na “binti” ni uzazi. “Mtumwa wa”, “huru wa” na maneno ya Kiarabu ya kuachwa huru si uzazi. Ukikuta bwana wa zamani au wanawe wakirithi mali ya aliyeachwa huru, hilo nalo si ushahidi wa damu. Kwa sheria ya Kiislamu aliyemwacha mtu huru anaweza kumrithi ikiwa hakuacha jamaa wa upande wa kiume.

Kwa nasaba za namna hii rehani na mauzo madogo madogo ndiyo yenye msaada kuliko mirathi mikubwa: kiwanja, kibanda, minazi mitano. Minazi na mikarafuu, ifahamike, iliweza kumilikiwa na kuwekwa rehani bila ardhi iliyo chini yake. Mtu asiyeonekana popote kama mwenye shamba anaweza kuonekana kama mwenye miti.

Zinakopatikana

Kwa Unguja na Pemba, hati za zamani zilizoandikishwa, pamoja na majalada ya ubalozi wa Uingereza na ya mahakama, ziko katika nyaraka za taifa za Zanzibar, Kilimani. Milki na rehani mara nyingi zimo katika daftari moja zikifuatana kwa tarehe, kwa hiyo gharama ya kutafuta zote mbili ni ileile. Tofauti ni lugha. Utakutana na Kiarabu, Kiingereza na, katika maandishi na saini za wakopeshaji, Kigujarati. Saini ya Kigujarati usiiache kwa kudhani ni michoro; ipige picha kwa karibu umpelekee anayeisoma, kwa kuwa huweza kutaja kiasi au jina la duka lisilokuwamo katika maandishi makuu.

Matukio matatu yafahamike kabla hujaketi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, kwa hiyo rehani za miaka iliyofuata usizisome kama dalili ya uzembe wa mtu mmoja. Mwaka 1934 zilipitishwa sheria za kubana uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wa jamii nyingine kwa ajili ya madeni, na kuanzia hapo hati hubadilika sura. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, na mlolongo wa hati za binafsi unakatika. Usitafute mauzo ya shamba ya 1970 kwa mtindo wa 1920.

Kwa Mwambao wa Kenya milki iko mbele. Sheria ya milki ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi walete madai yao, na anayedai alipaswa kueleza aliipataje: alinunua kwa nani, alirithi kwa nani. Wapinzani nao walieleza yao. Jalada la dai lenye upinzani linaweza kuwa na vizazi vitatu vya nasaba kwa vinywa vya pande mbili zinazochukiana, na hilo ni bora kuliko nasaba iliyosimuliwa na rafiki. Sheria hiyo iliruhusu pia kutolewa cheti cha rehani, maana mkopeshaji naye alikuja kudai haki yake. Kwa hiyo ukiwa na namba ya kiwanja, omba jalada zima la dai, si cheti cha milki peke yake.

Kosa linalorudiwa sana katika ofisi za ardhi za Kenya ni kuomba upekuzi wa kawaida. Upekuzi hukuambia hali ya leo: mmiliki wa sasa na deni lililopo. Kwa historia, omba nakala iliyothibitishwa ya rejista yenyewe. Kwa viwanja vilivyoandikishwa chini ya sheria ya uandikishaji ardhi ya 1963, hiyo ni kadi ya kijani. Sehemu A ni maelezo ya kiwanja, B ni wamiliki kwa mfuatano pamoja na vizuizi, C ni rehani na madai mengine juu ya kiwanja. Soma B na C sambamba kwa tarehe. Vizuizi vilivyowekwa na ndugu wakati wa ugomvi wa urithi vitafute B, si C.

Fedha na tarehe

Rehani hukuchanganya zaidi hapa, kwa kuwa deni la riali hulipwa kwa rupia na kufungwa kwa shilingi. Rupia 1 ilikuwa na ana 16, na riali ya Maria Theresa ilihesabiwa karibu rupia 2 na ana 2, kwa hiyo deni la riali 150 ni rupia 318 na ana 12. Kenya iliacha rupia mwaka 1920 na kufikia shilingi kwa kiwango cha 2 kwa rupia 1. Zanzibar iliendelea na rupia hadi mwanzo wa 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi 1.50. Kiasi cha pembeni kikionekana kimezidi deni la awali, badilisha fedha kwanza kabla ya kudai kwamba mkopeshaji aliongeza. Mengine yameandikwa kwa frasila za karafuu. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16.

Kwa mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1300 utakupa 1883, na kweli mwaka huo ulianza Novemba 1882. Kwa mti wa ukoo andika tarehe zote mbili kama zilivyo, na usiandike siku kamili ya Miladia bila kuthibitisha, kwa kuwa siku ya Hijria huanza magharibi na mwandamo wa mwezi hutofautiana.

Namna ya kuzishika zote mbili

Kabla ya kupiga picha ya hati, piga picha ya jalada la daftari na namba yake, kisha ukurasa mzima pamoja na pembeni, kisha karibu. Picha ya maandishi ya katikati tu itakupotezea marejesho ya deni. Kwa kila hati andika daftari, ukurasa, namba, tarehe kama ilivyoandikwa, majina kama yalivyoandikwa, mipaka minne, kiasi na aina ya fedha, mashahidi na mdhamini. Usirekebishe tahajia wakati wa kunakili. Weka sahihisho lako katika safu ya pili.

Tafuta miaka kumi kabla na kumi baada ya mwaka unaoujua, kwanza milki, kisha rudia miaka hiyohiyo kwa rehani ukiwa na majina ya warithi mkononi. Rehani ya mwana juu ya mali ambayo hujaiona akiirithi ni ishara kwamba kuna hati ya mgawanyo hujaifikia, au mgawanyo ulifanyika kwa mdomo.

Zikipingana, usichague upande mmoja kwa kila kitu. Katika idadi ya warithi, kesi ya deni ina nguvu kuliko mauzo, kwa kuwa mkopeshaji alikuwa na kila sababu ya kutomwacha mtu nje, ilhali warithi wauzaji waliweza kumsahau dada aliyeolewa mbali. Katika majina ya vizazi vya juu, iamini hati ya kadhi. Katika swali la kama familia ilipoteza mali, usiamini yoyote kati ya hizo mbili mpaka umeona nani alilipa kodi au nani alitajwa kama jirani miaka mitano baadaye. Kutokuwapo kwa maandishi ya kukomboa si uthibitisho kwamba deni halikulipwa: wengi walilipa, wakarudishiwa karatasi yao, wala hawakurudi kwa karani kuandikisha.